Wako Wawili, Baba Zuhura

Mpendwa mume wangu, Baba Zuhura,

Hali sikuulizi. Huko uliko hakuna tumbo linalovimba wala mtu anayetapika damu, na hilo peke yake linanitosha. Nianze na habari za nyumba. Nyumba yetu ya Mabatini ipo, bati la jikoni bado linavuja, cherehani inafanya kazi. Zile chupa mbili za tope ziko dirishani, zimefunikwa kitambaa cha melimeli. Hazijamwagwa, na hazitamwagwa.

Natanguliza hilo kwa sababu kaka yako Shabani alikuja tena juzi. Alikaa kwenye kiti chako, akazitazama chupa, akasema, "Shemeji, tope hili ndilo lililomuua mdogo wangu. Wewe unaliweka dirishani kama maua." Nilimwambia amalize chai yake.

Naandika kwa herufi za chuo cha Kurani, za kulia kwenda kushoto. Mimi nilitoka chuoni najua kuzisoma tu. Wewe ndiye uliyenionyesha kwamba herufi hizo hizo zinaweza kuandika Kiswahili chetu cha jikoni, habari za mvua, za samaki, za mtoto aliyeota jino. Barua hii siipeleki posta. Nitamsomea Zuhura akija kutoka Tabora na mumewe, na nitamsomea mtu yeyote wa mji huu anayetaka kusikia, maana mengi yamesemwa juu yako na mimi nimenyamaza vya kutosha.

Unakumbuka siku Mzungu wa kituo cha kuchunguza ziwa alipokuja barazani kwako? Ulikuwa unashona kanzu ya bwana harusi. Alitoa mfuko mdogo wa hariri uliochanika, akasema mafundi wawili wameshaukataa. Uliuinua juani, ukauchungulia, ukasema, "Bwana, matundu haya ni madogo kuliko ncha ya sindano yangu. Unavua nini humu, moshi?" Akacheka, naye hakuwa mtu wa kucheka. Watoto walimwita Bwana Tope kwa sababu kila alipopita mjini suruali yake ilikuwa na tope la ziwa mpaka magotini, ingawa miguu yake ilikuwa mikavu ndani ya mabuti ya mpira.

Ulikaa na mfuko ule siku tatu. Ulipomaliza, mshono haukuonekana. Ndipo akarudi na kazi: kushona mifuko mingine, kuchota tope la ufukweni kwenye maji ya magoti, kulichuja, na kuokota kilichobaki kwa ncha ya sindano. Ulikubali kwa ajili ya mshahara, na mimi nilikubali kwa sababu hiyo hiyo. Asije mtu akasema tulizaliwa tunapenda wadudu.

Halafu ukaja mchana ule. Alikuwa amekuruhusu kutazama kwenye darubini ya mezani, ile isiyotazama mbali bali inatazama chini. Ulirudi nyumbani ukaacha ugali na sato vipoe. "Mama Zuhura," ulisema, "leo nimemwona mtu anafungua mlango."

Nikakushika paji la uso nikidhani ni homa. Ukanieleza mara tatu ndipo nikaelewa. Punje ndogo kama ufuta, yenye magamba mawili yaliyoshikana mgongoni kwa mshono ambao fundi yeyote angeuonea wivu. Ukikaa kimya bila kutikisa meza, magamba yanaachana kidogo, vijiguu vinatoka, na ile punje inatembea juu ya tope ikitafuta riziki yake. Bwana Tope alikwambia ni ndugu wa kaa na kamba, na kwamba wapo jamaa zao wanaoishi kwenye mchanga wa pwani, ndani ya maji ya chumvi.

"Kaa mdogo kuliko ufuta?" nikauliza.

"Tena ana makucha," ukajibu, kwa fahari kama vile umemzaa wewe.

Nilicheka. Nilicheka miezi mingi, Baba Zuhura, na sasa naomba radhi. Nilicheka ulipoazima kioo kwa fundi saa wa jirani, kile cha kubana jichoni, ukawa unakaa uani kila Jumapili na sahani ya maji mbele yako. Nilicheka ulipoanza kuwachora kwa penseli ya kuchorea vitambaa. Nilikuwa na cha kucheka pia: mwanamume wa swala tano, na nyumba yake inanuka spiriti ya kuhifadhia wadudu. Mama yako, Mungu amrehemu, alikuwa akifukiza udi chumba kizima kabla ya kuingia kuswali.

Ila macho yako yalikuwa yameanza kuchoka. Miaka ishirini ya uzi na sindano haiachi macho salama. Asubuhi moja nilikuwa nimemaliza kufua, mikono yangu bado ina povu, ukaniita. "Njoo unisaidie kuona. Huyu mwenye pembe ana kitu nyuma, sijui ni uchafu."

Nilikwisha kujua kwamba ulikuwa umewagawa mafungu mawili. Kuna wa mviringo, laini kama kifungo cha shati. Kuna wenye vijipembe viwili ubavuni, kimoja kila upande. Bwana Tope alikuwa amesema wote ni aina moja: wa mviringo ni majike, wenye pembe ni madume. Wewe ulikuwa unaandika hivyo hivyo kwenye daftari lako, kwa herufi za chuoni, "madume", "majike", ingawa ulisema moyo wako hautulii.

Nikabana kile kioo jichoni. Mwanzo sikuona kitu isipokuwa kope zangu. Kisha nikamwona. Gamba lake lilikuwa linapitisha mwanga kama ukucha wa mtoto mchanga, na ndani yake, upande wa nyuma, kulikuwa na wengine wadogo watatu, mmoja anajigeuza.

"Huu si uchafu," nilikwambia. "Huyu ana watoto tumboni."

"Mwenye pembe?"

"Mwenye pembe. Kama huyu ni dume, basi na wewe ulimzaa Zuhura."

Uliruka ukaipiga sahani teke karibu imwagike. Nilikuwa sijakuona ukiruka tangu tulipooana. Tukatafuta mwingine, na mwingine. Jumapili nne tulikaa pale uani na sahani katikati yetu, wewe ukiokota, mimi nikitazama. Wa mviringo walibeba watoto. Wenye pembe walibeba watoto. Wala haikuwa aina moja yenye mume na mke. Zilikuwa koo mbili zinazoishi tope moja, kama watu wa mtaa wetu.

Siku tuliyopeleka habari kituoni naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu. Ulivaa kanzu nyeupe na kofia mpya. Mimi niliibeba chupa yenye wenye pembe walio hai, nimeikumbatia kifuani, tukatembea kwa miguu kutoka Mabatini ili maji yasitikiswe na gari la mtu. Nilisimama mlangoni mwa ofisi. Hakuna aliyeniambia nikae.

Bwana Tope alisikiliza akiwa anaandika. Ulipomaliza alisema, bila kuinua uso, kwamba taarifa yake imekwisha kukamilika na inaondoka na meli ya wiki ile. Wenye pembe ni madume.

"Bwana," ulisema, "dume halibebi watoto."

"Nani aliona?"

"Mke wangu."

Hapo ndipo akainua uso. Akanitazama mimi, na chupa yangu, na miguu yangu yenye vumbi. Akacheka kwa mara ya pili tangu tumjue. Sikumwona akinyoosha mkono kuomba chupa. Hatua tano tu zilinitenga naye, Baba Zuhura, na darubini ilikuwa juu ya meza yake. Hakutazama.

Badala yake alimwita karani, akaleta karatasi. Karani, kijana wa Kijita mwenye adabu, alitusomea kwa Kiswahili: kwamba michoro yote na chupa zote ni kazi ya Bwana, kwamba wewe ulifuata maagizo tu, na kwamba maneno yako ya kusema aina ni mbili yalikuwa makosa ya mtu asiyejua kusoma. Kisha akasogeza kile kibati cha wino mweusi, uweke dole gumba.

Nilikuona ukikitazama kile kibati. Daftari lako lilikuwa limejaa, miaka mitatu, kila siku na tope lake, kila chupa na mahali ilipochotwa, na kwa kuwa lilianza kulia likaenda kushoto, machoni pao ulikuwa mtu asiyejua kusoma.

"Kalamu ninayo," ulisema.

Ukaitoa mfukoni. Uliinama juu ya karatasi ile, ukaandika pole pole, kwa mwandiko wako mzuri wa chuoni, na ulipomaliza ukapuliza wino ukauke. Bwana Tope akauliza hilo ni jina? Karani akaisogeza karatasi karibu. Baba yake alikuwa amemsomesha chuoni kabla ya kumpeleka misheni, nadhani. Akafuata mstari kwa kidole, kulia kwenda kushoto.

"Ameandika 'wako wawili', Bwana," alisema. "'Wako wawili. Mke wangu ameona, na mimi nimeona.'"

Ulifukuzwa kazi pale pale. Bwana Tope alisema hakuna ofisi ya serikali itakayokuchukua tena kutoka Mwanza mpaka Bukoba. Ulimshukuru kwa mfuko wa hariri wa kwanza, ukasema ulikuwa kitambaa kizuri sana, tukatoka. Njiani uliniuliza: "Umechoka kubeba? Nipe chupa." Nikakwambia sikupi.

Mji mzima ulicheka. Pale sokoni Mkuyuni walikuita Fundi Tope usoni pako. Wateja wengine walikuletea suruali wakiuliza kama utazishona au utazichuja. Shabani alikuja kukuomba, kwa machozi kabisa, ukamwombe Mzungu msamaha. "Kwa ajili ya wadudu ambao hata kuku hawaoni!" alisema. Na wewe ulimjibu jambo ambalo sijalisahau: "Kaka, sikumwomba Mzungu anipende. Nilimwomba atazame."

Wengine wangeacha. Sisi ndipo tulipoanza. Wewe ulisema kuona watoto tumboni hakutoshi, maana mtu anaweza kudai tumeona vibaya. Mimi nikasema basi tuwafuge. Kuku tunafuga, njiwa tunafuga, hawa tutashindwaje? Chupa moja tuwaweke wa mviringo peke yao, ya pili wenye pembe peke yao, tungoje wazae, tuone watoto wa nani wanaota pembe.

"Mama Zuhura," ukasema, "ungezaliwa mwanamume ungekuwa bwana mkubwa."

"Nimezaliwa mwanamke," nikasema, "na chupa nitachagua mimi."

Chupa za kwanza mama yako alizimwaga kwenye mgomba, akidhani tumesahau maji machafu. Ukaenda kuswali alasiri na hasira yako. Tukaanza upya. Za pili zilifuatwa na Bwana Afya, yule aliyekuwa akizunguka majumbani kutafuta maji ya mbu. Alisimama uani na fimbo yake akasema maji yaliyotuama ni kosa, atatushtaki barazani kwa hakimu. Nikamwambia, "Tazama mwenyewe kama kuna mbu." Nikampa kioo cha fundi saa. Alikaa pale mpaka chai ikaiva. Alipoondoka alisema tufunike kwa kitambaa, na tangu siku ile kila akipita alikuwa akiuliza, "Wazazi hawajambo?" Naye alikuwa ofisa wa serikali, na hakuhitaji kuambiwa mara mbili atazame.

Walizaa. Walijivua magamba, wakakua, wakazaa tena. Kwenye chupa ya wa mviringo haikuota pembe hata moja. Kwenye chupa ya wenye pembe hakutokea wa mviringo hata mmoja. Uliandika yote.

Sasa niseme lile ambalo Shabani analisema, nisije nikaonekana ninakimbia. Ndiyo, huenda maji yale ndiyo yaliyokuua. Daktari aliniambia ni kichocho cha miaka mingi, kimekula ini. Miaka mitatu ulisimama ndani ya maji ya ufukweni miguu mitupu. Jozi ya mabuti pale kituoni ilikuwa moja, ya Bwana, na ilipochakaa ililetwa mpya, ya Bwana. Ulipoomba ya kwako ulijibiwa kwamba wenyeji wameyazoea maji. Kwa hiyo nikisikia kwamba tope limekuua, nauliza: tope lilikuvua viatu? Sitawachukia viumbe wadogo kwa kosa la mtu mkubwa.

Ulikwenda alasiri moja, mwaka ule ule wa uhuru, miezi michache kabla ya bendera kupanda. Ulikuwa umelala uani kwenye mkeka kwa sababu chumbani ulisema hewa ni nzito. Uliniuliza, "Wa chupa ya pili wamezaa?"

"Wamezaa."

"Wana pembe?"

"Wana pembe, Baba Zuhura."

Ukatabasamu upande mmoja wa mdomo, kama ulivyokuwa ukifanya mteja mkorofi anapovaa nguo na kukosa cha kulalamikia. Baada ya hapo hukuongea na mimi tena, uliongea na Mola wako.

Nilikaa eda yangu yote ndani, miezi minne na siku kumi, kama inavyotakiwa. Mtu asiniambie sijui dini. Nilikuwa ndani wakati mji unaimba, wakati watu wa Mabatini wanapamba nyumba kwa matawi, wakati Shabani anakuja kunieleza kwamba nikitoka nihamie kwake, cherehani iende kwa mwanawe, na uchafu wa dirishani umwagwe. Alisema kwa upole. Kaka yako si mtu mbaya, ni mtu anayeogopa kuchekwa.

Siku niliyotoka eda nilioga, nikavaa, nikamwita yeye na mkewe, nikawaambia mara moja: "Cherehani naijua tangu enzi za mume wangu, nitashona. Nyumba hii nitakaa. Na chupa hizi atakayezigusa atanikuta mimi." Mkewe akainamisha uso, lakini nilimwona amefurahi.

Kisha nikasubiri. Nilikuwa nimesikia Bwana Tope ameondoka, amerudi kwao na mabuti yake, na kituo sasa kina kijana wa kwetu, Msukuma aliyesoma Uganda, anaitwa Bwana Masanja. Asubuhi moja nilifunga daftari lako kwenye khanga, nikabeba chupa mbili, moja kila mkono, nikaenda.

Mlinzi alinisimamisha getini. "Mama, hapa hatununui kitu."

"Siuzi."

"Umeleta nini basi?"

"Nimeleta kosa lenu."

Sijui nilipata wapi maneno yale. Alifungua geti.

Bwana Masanja alisimama nilipoingia. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu." Akaniletea kiti. Niliketi, Baba Zuhura, kwenye ofisi ile ile. Nilimweleza kila kitu, naye akafanya jambo dogo ambalo lilinitoa machozi mbele ya watu: alivuta darubini, akatazama. Alitazama chupa ya kwanza, akatazama ya pili, akarudi ya kwanza. Chai yake ilipoa. Mwisho akasema, "Mama, kitabu kinasema ni aina moja."

"Kitabu kilisafiri kabla ya kuangalia chupa."

Akaniomba daftari. Akaligeuza, akalifungua upande usio wake, akanirudishia kwa aibu. Herufi zile hakuzijua. Nikamwambia asione haya. Nitasoma, yeye aandike. Wiki mbili nilikwenda kila asubuhi, nikirudi adhuhuri kushona. Nilisoma tope la Mkuyuni, tope la chini ya matete, tope la karibu na mawe, tarehe kwa tarehe, kwa maneno yako, na yeye akayageuza. Mahali fulani aliandika "fundi cherehani mmoja wa Mwanza". Nikamwambia afute. "Ana jina. Rajabu."

Siku ya tano tukafika kwenye Jumapili ile ya kufua. Daftari lako sikuwahi kulisoma ulipokuwa hai, nilidhani ni mambo yako. Nikasoma kwa sauti: "Leo Mwajuma ameona watoto ndani ya mwenye pembe. Mimi nilidhani ni uchafu. Aliyeona ni Mwajuma."

Kijana akainua kalamu. "Mwajuma ni nani?"

"Ni mimi," nikasema.

Akaandika. Sikuweza kusoma zaidi siku hiyo, akanisindikiza mpaka getini.

Barua ikapelekwa Ulaya kwa wakubwa wa mambo hayo. Miezi ikapita, jibu likaja. Bwana Masanja alikuja mwenyewe nyumbani kunisomea, na nilijua kwa jinsi alivyovua kofia kwamba kuna tatizo. Wamekubali. Wako wawili. Wenye pembe ni aina ya peke yake, haijawahi kuandikwa duniani. Na wanapendekeza ipewe jina la Bwana Tope, kwa heshima ya kuwa yeye ndiye aliyeanza kukusanya.

Nilikuwa nashona. Nilisimamisha gurudumu kwa mkono.

"Mwanangu," nikamuuliza, "ili waiandike, wanahitaji nini kutoka hapa?"

"Wanahitaji wadudu wenyewe, mama. Kumi au zaidi, kwenye spiriti, wakae kwao wakiwa ushahidi. Bila hao, jina halisimami."

"Wewe unao?"

Akanitazama. "Sina. Ulirudi na chupa nyumbani."

"Basi waandikie kwamba mwenye chupa amekataa. Waambie yule mtu aliambiwa na hakutazama. Wakitaka wenye pembe, waje na jina la aliyetazama. Wasipotaka, hawa wataendelea kuzaana dirishani kwangu bila jina, wala hawatakufa kwa kukosa jina."

Alisema wakubwa wanaweza kukasirika. Nikasema wakasirike. Alisema anaweza kupata shida kazini. Hapo sikumsukuma, maana ni mtoto wa watu. Akaizungusha kofia yake mikononi. Kisha akasema, "Nitaandika, mama. Tena nitaandika leo." Na aliandika, nami nitamwombea dua kila siku.

Wiki iliyopita jibu limekuja, Baba Zuhura. Sikukuambia mwanzoni kwa sababu nilitaka uje nalo njia nzima kama nilivyokuja mimi. Jina ni lako. Wameliongezea mkia wa Kilatini mpaka Bwana Masanja alilazimika kulitamka mara tatu, lakini Rajabu umo ndani, anayetaka kukusikia atakusikia. Nilimhesabia wenye pembe kumi na wawili kwa sindano yako. Nilimpa kwa mkono wangu, na si kabla ya kuiona barua. Wengine wamebaki nyumbani.

Mtu atauliza imenisaidia nini. Bati linavuja vile vile. Wewe huwezi kurudi, na Bwana Tope huko aliko pengine hajasoma, au amesoma na kusema alijua siku zote. Sijali. Walitaka dole gumba lako, na sasa wanaandika jina lako.

Shabani nilimweleza juzi alipomaliza chai. Akasema yote ni heri, lakini si vizuri mjane kuonekana ufukweni na tope magotini, watu watasema. Nikamwambia watu wana midomo, waitumie. Maana nimekuwa nikienda, Baba Zuhura. Bwana Masanja ameniandikisha kazi ya kuchota na kuokota, na sharti langu la kwanza lilikuwa mabuti ya mpira. Yameletwa, meusi, makubwa kidogo, nimejaza vitambaa mbele. Siingii majini bila hayo, na nimemwambia hakuna mtu wa kituo kile atakayeingia peku tena nikiwa hai.

Na jana, kwenye tope la kijito cha upande wa Mkolani, nimeokota mmoja asiye wa mviringo wala mwenye pembe. Mrefu, mwembamba, mgongo umepinda. Nilimtazama mpaka jicho likauma. Bwana Masanja anasema huenda ni mtoto wa aina nyingine, tusiharakishe. Anaweza kuwa kweli. Lakini mimi nimeshaosha chupa ya tatu, na kesho asubuhi narudi kule.

Pumzika, mume wangu. Mimi bado nina kazi.

Mkeo,
Mama Zuhura